Sahani ya Makarius

Mchana, Josefina alipakua ugali. Nyumbani kwao Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, wanaume walikula barazani kwenye sinia moja. Telesfori, mdogo wake Makarius, alikuwa ameshanawa. Watoto wakubwa walikuwa wameketi tayari.

Josefina alichukua sahani ndogo yenye kifuniko. Aliipeleka chumbani kwa mume wake, Makarius.

"Baba Osward, chakula chako."

"Weka hapo."

"Ni mchicha na dagaa. Na ugali kidogo, kama walivyosema hospitali."

"Nimesema weka hapo."

Tangu Makarius aambiwe ana kisukari, Josefina alimpikia peke yake. Aliogopa kwamba akikaa kwenye sinia atashindwa kujizuia. Alimtenga kwa upendo.

Lakini Makarius hakupata nafuu. Alikonda. Aliacha kwenda kwenye mpunga wake. Mchana alilala, usiku alikesha. Vidonge vyake vilikaa juu ya kabati bila kuguswa.

"Ukiacha dawa utakufa," Josefina alimwambia.

"Basi nitakufa," Makarius alijibu, bila hasira.

Jibu hilo lilimtisha Josefina kuliko ugonjwa wenyewe.

Siku hiyo, kabla sinia halijaisha, mgeni alibisha hodi. Alikuwa binti mwenye kitambulisho kifuani na begi la vipimo. Alionyesha kibali chake kutoka ofisi ya kata.

"Naitwa Nyanzala. Nafanya utafiti kuhusu kisukari, presha na afya ya akili."

"Utafiti!" Telesfori aliguna. "Nyie mnachukua damu yetu, halafu mnapotea. Na kwa jina hilo, wewe Msukuma kabisa. Ng'ombe wamekwisha, sasa umekuja kutoboa watu?"

Nyanzala alicheka. "Mtani wangu, ng'ombe hawalalamiki kama nyie Wapimbwe."

"Nani anakulipa?"

"Umeuliza vizuri. Kuna mfuko unaosaidia wanasayansi vijana. Unaandika swali lako na njia ya kulitafutia jibu. Wataalamu wanasoma. Wakiona lina faida kwa watu, wanakupa ruzuku. Mara ya kwanza walininyima. Nikaandika upya."

"Kwa hiyo umepata hela ya kujengea nyumba."

"Ingekuwa hivyo mama yangu angefurahi! Hapana, mtani. Ni hela ya kazi. Inanunua vipimo, inalipa nauli, inalipa mtu wa kuchambua majibu. Mimi napata posho yangu, basi. Kila kitu nakitolea hesabu. Na nimetenga fungu la kurudi hapa kuwaeleza nilichokuta."

"Wenzako hawakurudi."

"Walikosea," alisema Nyanzala. "Mlikuwa na haki ya kuambiwa. Na mna haki ya kunikatalia. Mtu akikataa, matibabu yake hayabadiliki. Akikubali, jina lake halitajwi popote."

Josefina aliweka bakuli chini. "Sasa swali lako ni lipi, mwanangu?"

"Nataka kujua kwa nini mtu anaacha dawa wakati dawa anazo nyumbani."

Josefina alitazama mlango wa chumbani. Makarius alikuwa amesimama pale, ameshika mwimo.

"Niulize mimi," alisema.

"Shikamoo, baba. Tukae wapi uwe huru kuzungumza?"

"Marahaba. Hapa hapa. Nataka nao wasikie."

Nyanzala alimtoboa kidole taratibu. Sukari ilikuwa juu. Kisha akauliza, "Usiku unalala, baba?"

"Silali."

"Kuna kitu kilikuwa kinakufurahisha, na sasa umekikosa?"

Makarius alilitazama sinia. Kisha akasema, "Kula."

Telesfori alicheka. "Nani hapendi kula?"

"Siyo chakula, wewe! Kula na nyie. Nawasikia hapa mnabishana mpira, mnacheka. Mimi niko ndani na sahani yangu, kama mtu atakayewaambukiza. Nimeze dawa nipone, halafu niende wapi?"

Josefina alijifuta macho kwa khanga.

"Baba Osward, nilidhani nakulinda. Kumbe ndiyo maana uliniambia basi utakufa."

"Mama, hukufanya kwa ubaya," alisema Nyanzala. "Lakini kisukari hakiambukizi. Na mgonjwa hahitaji sufuria yake. Chakula chake kinafaa nyumba nzima. Ugali na wali vipungue, mboga na maharage viongezeke, mafuta na sukari viwe kidogo. Mle pamoja."

Kisha akamgeukia Makarius. "Baba, kukosa usingizi, kukosa raha, kuona ni afadhali kufa, hizo zinaweza kuwa dalili za sonona."

"Ndiyo ukichaa?" aliuliza Telesfori kwa sauti ya chini.

"Hapana. Ni huzuni nzito isiyoondoka. Siyo uvivu, wala hajarogwa. Inatibika. Mimi ni mtafiti, simtibu. Lakini mtu akiona ni afadhali kufa, hatusubiri. Twende kituo cha afya leo. Nauli ya jambo kama hili imo kwenye ruzuku. Na nyie msimwache peke yake."

Walikwenda. Daktari alizungumza na Makarius kwa muda mrefu. Alimwanzishia tena dawa za kisukari. Alimtaka arudi kila wiki kuzungumza na mshauri.

Nyumbani, Josefina alipika chungu kimoja. Telesfori aliukodolea macho mlima wa mboga. "Shemeji, leo na sisi ni sungura?"

Makarius alitabasamu kidogo tu. Haikuwa rahisi. Siku nyingine alirudi kulala bila kusema neno, na mdogo wake alikwenda kukaa naye. Polepole usingizi ulirudi. Sukari ilishuka. Msimu wa mvua ulipoanza, Makarius alishika jembe.

Baada ya mavuno, Nyanzala alirudi kama alivyoahidi. Watu walikusanyika ofisi ya kata. Telesfori alikaa mbele kabisa.

"Wengi walioacha dawa walikuwa na huzuni nzito," alisema Nyanzala. "Na baadhi yao walikuwa wanakula peke yao. Lakini nimeuliza watu wachache. Sijui kama ndivyo ilivyo kila mahali. Naomba ruzuku nyingine ili niulize hadi Karema, kule ziwani. Wakati huohuo, kituo chetu kimekubali jambo moja. Kila mgonjwa wa kisukari na presha ataulizwa pia hali ya moyo wake: kama analala, kama ana raha."

Watu walipiga makofi. Karibu na mlango, mzee mmoja aitwaye Zablon aliinuka na kutoka. Naye alikuwa na kisukari. Makarius alimfuata nje.

"Zablon, usiku unalala?"

Zablon alitazama chini. "Wewe nani amekwambia?"

"Hakuna. Mimi nilikuwa silali."

Makarius alisimama naye.

"Alhamisi nina kliniki," alisema Makarius. "Nikupitie?"

Zablon alishusha pumzi ndefu.

"Pita mapema," alisema. "Nisije nikabadili mawazo."