Waya Mweupe Usio na Tepu

Fundi umeme alikuwa amelala chali chini ya ngazi yake, katikati ya karakana ya ushonaji, kiganja cha kulia kimeungua mahali padogo kama punje ya mtama. Mwenye karakana hakutaka umeme uzimwe saa za kazi. Sasa ulikuwa umezimwa, na cherehani ishirini zilikuwa kimya.

Inspekta alipanda hadi darini. Waya mweupe ulining'inia, ncha yake wazi.

"Mweupe kwa kawaida hauna moto wa umeme," alisema mtaalamu wa uchunguzi. "Ukitumiwa kupeleka moto, kanuni inataka ufungwe tepu nyeusi kila ncha, ili atakayekuja baadaye ajue."

"Huu haukufungwa?"

"Ulifungwa. Gundi ingali inanata, wala haijashika vumbi. Tepu imebanduliwa jana au leo. Aliyeibandua ametuachia alama ya kidole."

Mjane wa fundi hakulia mbele ya polisi.

"Kazi ile aliifunga mwenyewe wiki iliyopita, afande. Marehemu alitia tepu hata waya wa redio yetu, nami nikimcheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka tisa iliyopita aliacha waya mweupe bila alama katika nyumba ya watu. Binti wa mle akaushika, akafa. Tangu hapo hakusahau hata mmoja."

"Kwa hiyo akiukuta waya wake mweupe hauna tepu?"

"Angeushika bila kupima. Angeogopa nini?"

"Msibani alikwenda?"

"Alifika kwenye kona ya mtaa, akarudi."

Jalada la zamani lilikuwa na jina la baba wa binti. Baba huyo sasa alikuwa mwangalizi wa jengo lenye karakana, na ufunguo wa dari ulikuwa mfukoni mwake.

"Kidole hiki ni chako, mzee?" Inspekta alimuuliza kituoni.

"Changu."

"Mambo ya tepu nani alikufundisha?"

"Ninyi. Mlinieleza humu humu alipokufa mwanangu. Mkasema ni uzembe, mkanipa chai."

Inspekta aliandika.

"Fundi alikutambua?"

"Atanitambuaje? Pole hakuja kunipa. Alinikuta mlangoni, akaniamkia vizuri, akaniuliza watoto hawajambo." Mzee alitazama mikono yake. "Nikamjibu, hawajambo. Kisha nikaenda kuchukua ufunguo. Nilitaka ashike kitu anachokiamini, kama alivyoshika binti yangu."

Inspekta alimweleza aliyoyasema mjane: tepu za miaka tisa, na safari iliyoishia kwenye kona. Sheria haikumtaka aseme hayo, na hakuwa na hakika kama ni huruma au adhabu.

Mzee aliinua macho.

"Kona ipi?"

"Hakusema."

"Ziko mbili. Ya duka na ya bomba." Alivuta karatasi ya maelezo, akatia sahihi bila kuisoma. "Siku ile ya msiba nilikaa nimeielekea ya duka. Angepitia huko, ningemwona. Ningemwita."