Sinia la Kuitia Mbuzi

Rafiki yetu Gharib, wa Mji wa Kale, alitusimulia haya kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya samaki.

Mamake alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia, akamwachia mbuzi aliowafuga juu ya sakafu, paa tambarare la nyumba. Mchana ule redio ilitangaza tufani. Wingu likatanda, nyumba ikawa giza, umeme ukakatika. Gharib akapanda kuwateremsha mbuzi, maana upepo ungeweza kuwatupa barabarani. Aliwavuta pembe, wakakita kwato. Walizoea kumfuata mamake tu, ambaye aliwaita kwa kugonga sinia la shaba kule chini, kisha akawapa maganda ya ndizi.

Mabati ya jirani yakaanza kung'oka.

"Basi kufeni," Gharib akawaambia. "Mimi nimechoka."

Hapo sinia likalia chini. Lilipigwa kama alivyolipiga mamake: pigo moja, kisha mawili ya haraka.

Mbuzi wakampita mbio ngazini. Alishuka nyuma yao akipapasa ukuta, akawakuta wametulia mbele ya chumba cha mamake. Kufuli lilikuwa mahali pake.

Mlango wa nje ukabishwa hodi. Alikuwa Bi Mwanaesha, jirani yao, amelowa, amebeba kitu kizito ndani ya leso ya kujitanda.

"Shika, mwanangu. Sinia la mamako, tangu tulipomsomea hitima liko kwangu. Nimeona nikurudishie kabla njia haijajaa maji."

Gharib alilipokea kwa mikono miwili. Nyuma yake, gizani, mbuzi walikuwa wakitafuna.