Mchicha wa Novemba

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019. Asubuhi hiyo Walthamstow, jijini London, ilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, na jua lilikuwa la kutazama tu, si la kuota.

Placida alisimama uani, mbele ya mchicha uliokufa wima.

"Si nilikwambia ung'oe?" Mwatima, jirani yake wa Kiunguja, aliuliza juu ya uzio. "Mchicha wa kwetu hauijui baridi hii, mwanangu."

"Leonard alisema tuuache, utachipua."

"Khaa! Huyo kila msimu ana lake. Alisema harusi yenu majani yakichipua. Yakachipua, ngojeni joto. Joto likaja, ngojeni yapukutike. Haya, yamepukutika! Yuko wapi?"

"Jikoni, anakunywa chai. Katua jana kutoka Moshi, alikwenda kumuuguza mama yake."

Simu ikalia. Ujumbe wa Serah, rafiki yake wa Moshi: "Dada, nimeikuta hii kwa wifi yako. Pole sana."

Picha. Leonard ndani ya suti, bibi harusi ubavuni. Nyuma yao dada zake, wameshona sare: kitenge cha kijani chenye ndege wa njano.

Placida alikijua kitenge kile. Alikichagua mwenyewe, akampa Leonard awapelekee mawifi, kwa ajili ya harusi yake yeye.

"LEONARD!"

Alitoka na kikombe mkononi. Nyuma yake walikuwa Mama Adelina, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, na wanajumuiya waliokuja kusali.

"Mama yako ulimuuguza kwa suti?"

Leonard aliiona picha. Chai ikamwagika.

"Placi, usifoke. Wazee walinilazimisha."

"Wewe walikulazimisha. Na kitenge changu?"

"Kilikuwa kimekaa tu..."

"Kimekaa! Kama mimi!"

"Tuzungumze ndani, watu wanasikia."

"Wasikie! Chuo cha unesi mwaka jana nilikikataa kwa sababu yako. Eti bibi harusi atasomaje? Nimewaomba upya, wanataka jibu keshokutwa, na juzi tu ulinipigia kutoka kwenye fungate yako kuniambia nikatae tena!"

Mama Adelina alimshika bega. "Binti yangu, hasira isikutoe kwenye sala."

"Nimesali, mama. Nimesali mpaka magoti yameota sugu. Kumbe Mungu alishanijibu kwa sakitu, mimi ndiye niliyegoma kung'oa."

Akainama, akashika shina la kwanza, akalivuta na mizizi yake. La pili. La tatu. Udongo ukaruka hadi kwenye viatu vya Leonard.

"Hasira zikiisha utanisamehe," alisema Leonard.

"Kusamehe nitakusamehe. Kukungoja ndiko kulikokwisha."

"Baba, koti lako hili," alisema Mama Adelina. "Kwako Thornton Heath ni mbali, wahi."

"Na asisahau ndege wa kitenge chako!" Mwatima akadakia.

Mlango wa mbele ulipofungwa nyuma ya Leonard, Placida alikuwa analia na bado anang'oa. Shina la mwisho lilipotoka, alisimama, mikono myeusi kwa udongo.

"Nisikilizeni. Na wewe Mama Mwatima, uwe shahidi. Jumatatu nawaambia chuo, ndiyo. Majira ya machipuko yakija, hapa napanda kabichi inayoijua baridi. Na mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi: kilichokufa sitakingoja tena."