Siti ya Nyuma

Asubuhi jijini Mbeya haikuwa na kelele. Kuanzia Uyole hadi Iwambi punje zilipanda na kushuka, nyeupe, za duara, kila moja na mtu wake mmoja ndani, zikipishana kwa upana wa kiganja bila kugusana. Punje haikuwa na usukani wala breki ya kukanyaga. Chini yake kulikuwa na mkondo, yaani ule utepe wa sumaku uliofukiwa barabarani, na juu ya yote alikuwepo Mratibu, akili unde iliyojua kila punje inatoka wapi na inakwenda wapi. Lakini kilichowashangaza wageni zaidi ni kisawazishi. Punje ikiingia kwenye kona, kiti kilijigeuza chenyewe humo ndani, na chai uliyoshika mkononi haikutikisika. Watoto wa Mbeya walikua hadi kuoa na kuolewa bila kujua kona ikoje mwilini.

Aliyebuni punje na kisawazishi chake ni Mhandisi Subilaga, mama mwenye mwili mdogo na maneno machache. Tangu kazi yake iingie barabarani, wodi ya majeruhi wa ajali ilibaki ya kuwekea magodoro mabovu. Watu walimheshimu, na walikuwa na haki. Sasa mama wa namna hiyo akiwa na mume mwenye pikipiki ya kizamani, ya kupiga kiki na kutoa moshi, ujue nyumba hiyo ina mambo.

Mumewe, Ambakisye, alikuwa daktari wa meno. Siku hizi udaktari wenyewe ulibaki jina tu. Kutoboa na kuziba kulifanywa na roboti, yeye akibaki kumshika mgonjwa bega na kumwambia haitauma. Mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Ndipo alipoliona fremu la pikipiki kwenye banda la kuku la jirani, kuku wakitagia juu ya tanki, akaomba apewe. Alilitandaza barazani, na miaka ikapita pale pale barazani. Spoki alizinyoosha moja moja kwa koleo la kung'olea magego. Petroli ilikuwa haiuzwi tena popote, kwa hiyo alitumia spiriti ya viazi, na kwa kuwa injini hutaka spiriti nyingi kuliko petroli, tundu la kabureta alilipanua kwa kile kisindano cha kusafishia mzizi wa jino. Majirani walipoona mtungi unachemka uani walinong'ona kwamba daktari anapika gongo. Aliwaacha wanong'one.

Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, Ambakisye, aliyeendesha pikipiki mara ya mwisho ujanani kabla ya punje, alilia machozi ya wazi, na hakuona haya.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuiendeshea. Barabara zote zilikuwa na mkondo, na penye mkondo mtu haruhusiwi kushika usukani. Ilibaki moja tu, ile inayopanda mlima kutoka Chimala hadi Matamba, ambayo kwa kona zake huitwa Hamsini na Saba. Nayo siku zake zilikuwa zinahesabika. Wizara ilitaka kuipitishia mkondo, na neno la mwisho lilikuwa la Subilaga. Angelitoa Jumatatu. Akisema ndiyo, pikipiki ingekuwa pambo la barazani hadi kufa kwake. Ambakisye hakumwomba mkewe lolote, maana aliona kumwomba ni kumwonea. Alipanga tu kuipanda Jumamosi, kabla neno hilo halijatoka.

Ijumaa jioni, wakiwa mezani, mkewe alimwambia, "Baba Lusajo, kesho nitakwenda na wewe. Nataka niikague barabara nikiwa juu yake."

Ambakisye alilirudisha tonge sahanini. Alikuwa ameiota safari hiyo miaka, lakini katika ndoto zake mkaguzi hakuwemo. Kila pikipiki ikiyumba ingekuwa ushahidi.

"Utaweza kukaa nyuma, Mama Lusajo?"

"Kukaa kuna nini cha kuweza?"

Basi Jumamosi pikipiki ilipakiwa kwenye gunia, ndivyo walivyoziita punje za mizigo, na wao wakaifuata, kila mtu kwenye punje yake, kama walivyosafiri miaka yote ya ndoa yao. Walizungumza kwa kipaza sauti. Kipaza cha punje kilikuwa kizuri mno, kilichuja upepo, kikohozi, pumzi na kila kisichokuwa neno. Alimsikia mkewe akisema hali ya hewa ni nzuri, kwa sauti safi ya mtangazaji wa redio.

Chimala waliishusha pikipiki, wakavaa kofia ngumu. Ambakisye alipiga kiki mara ya kwanza, kimya. Akapiga tena, na injini ikanguruma hadi mbuzi wa njiani wakatawanyika. Subilaga akapanda, akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili, mgongo umenyooka. Wakaondoka.

Kona ya kwanza nusura iwatoe barabarani. Ambakisye aliilaza pikipiki kushoto, na mkewe, badala ya kulala nayo, akajisukuma kulia kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikagoma kukata kona, ikaenda moja kwa moja kuelekea ukingoni. Alibana breki, vumbi likawafunika, wakasimama karibu na korongo.

"Hii barabara ni hatari," Subilaga alisema, akijikung'uta vumbi.

"Barabara haina neno. Hatari ni wewe." Maneno yalimtoka Ambakisye kabla hajayapima. "Unavuta huku mimi nikivuta kule."

Subilaga aligeuka kuitazama kona. Hesabu za kona alizijua kuliko mtu yeyote nchini. Lakini mwili wake, uliokaa miaka yote ndani ya kisawazishi, ulipohisi kuinama ulijinyoosha wenyewe, bila kumuuliza.

"Nimejiharibu mwenyewe," alisema pole pole. "Nifundishe."

"Achia hicho chuma. Nishike mimi kiunoni. Bega langu likienda, lako liende. Usifikiri."

Kona ya pili Subilaga aliiharibu, na ya tatu akaiharibu nusu. Kufika ya kumi walikuwa wanayumba kidogo tu, kofia yake ikigonga ya mumewe kila gia ilipobadilishwa. Baada ya hapo Ambakisye aliacha kuhesabu. Bonde la Usangu lilifunguka chini yao, hewa ikawa ya baridi, na pikipiki ikalala kushoto, ikainuka, ikalala kulia, wote wawili kama mzigo mmoja uliofungwa vizuri.

Kisha alihisi kitu mgongoni. Mbavu za mkewe zilikuwa zikitikisika. Alidhani analia, akapunguza mwendo, ndipo akamsikia. Subilaga alikuwa anacheka, kicheko cha kukwama na kukoroma kidogo katikati, kibaya kabisa. Ambakisye alikuwa amekisahau kicheko kile, maana nyumbani mkewe alitabasamu tu. Na miaka yote safarini alikuwa akiletewa mke aliyechujwa, na hakuwa amejua. Furaha ilimjaa.

Juu Matamba walisimama kwa mama mmoja mzee, Mama Sanga, aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha kando ya njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmepanda na hilo dude linalonuka gongo?"

"Ni viazi tu, mama," Ambakisye alisema kwa majivuno.

"Mwe. Sisi viazi tunakula." Akawahudumia. Subilaga alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, anaionaje hiyo barabara.

"Nyinyi mnaipenda kwa sababu mnakuja kucheza, kisha mnarudi," Mama Sanga alisema. "Mwanangu alishikwa na uchungu, mvua inanyesha, tukamteremsha kwa trekta. Alijifungulia kona ya thelathini na mbili, mimi nimemshika mikono yake. Mtoto tumemwita Kona. Yule pale anakimbiza kuku."

Ambakisye alimtazama mtoto. Aliona aibu, si kwa pikipiki yake, bali kwa kuwa katika kuiwazia barabara hii miaka yote hakumwazia mtu anayeishi juu yake. Alimvuta mkewe pembeni.

"Mama Lusajo, usinifikirie mimi. Weka mkondo."

"Nilikwisha amua kuuweka kabla hatujatoka nyumbani," mkewe alisema. "Ndiyo maana nilikuja. Nilitaka uipite barabara yako walau mara moja, na mimi nikiwepo."

Ilimchoma, na papo hapo ikampoza.

"Ila punje zangu hizi za mtu mmoja hazitapanda huku," Subilaga aliendelea. "Umemsikia yule mama? Mwanawe alikuwa ameshikwa mikono. Kwenye punje angeshikwa na nani? Niliweka kiti kimoja kwa sababu watu wawili wakikaa pamoja wanayumba, mizani inakataa, hesabu zinakuwa ngumu. Nilikwepa hesabu, Baba Lusajo, nikatenganisha jiji zima."

Aliisogelea pikipiki, akaweka kiganja kwenye siti ya nyuma, akaipima kwa shibiri.

"Nitaanza upya. Viti viwili, na kona isikike mwilini."

"Itachukua muda gani?"

"Wewe hili fremu la kuku ulichukua muda gani?"

Ambakisye alicheka. Mpaka mkondo uwekwe, Jumamosi zilikuwa bado zipo. Akapiga kiki, injini ikaitika papo hapo. Mama Sanga aliziba pua kwa ncha ya kitenge na kuwapungia kwa mkono mwingine.

Mbele yao zilikuwepo kona zote zile, sasa za kushuka. Ambakisye alipoikaribia ya kwanza alijiandaa kulaza bega, lakini mikono iliyomshika kiunoni ilikaza, na bega la mkewe lilikuwa limekwisha kwenda kabla ya lake.