Wageni wa Idi Nyumbani kwa Nasoro

Ijumaa moja ya Januari, mwaka ule ambao vita vilikuwa vimewamwaga watu wa Rutshuru kando ya barabara zote za Goma, Nasoro alikuwa akitoka msikitini na kupita Birere. Soko lilikuwa limefurika. Moto, zile pikipiki za abiria, zilipiga honi, wapagazi walitukanana, na chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma, zilizosheheni kabichi kutoka Kibati ziliteremka kwa kasi. Gurudumu la chukudu moja likaingia kwenye dimbwi mbele yake. Tope jeusi likampaka kanzu nyeupe, kuanzia magotini hadi kidevuni.

Mwanamke aliyekuwa akiuza vitenge kando ya njia akaangua kicheko. Alivaa libaya, blauzi ya rangi ya machungwa, na mtandio wa kijani, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya mdogo.

"Unacheka mutu amechafuka?" Nasoro aliuliza.

"Pole, papa. Sikucheki weye, nacheka ile kanzu. Ilikuwa inatembea na kiburi sana."

"Basi anisaidie nani?"

"Kuya hapa, kuko maji na sabuni. Lakini usiguse bitenge byangu na ile mikono!"

Jina lake lilikuwa Mwasiti. Kanzu ilipokauka, Nasoro alikuwa na namba yake ya simu. Tangu siku hiyo hakukupita adhuhuri bila simu kulia.

"Bwana Tope, umekula?"

"Nimekula, sheri, mpenzi wangu, lakini bila kukuona chakula hakishuki."

"Kunywa maji, kitashuka."

Nasoro aliuza vipuri vya pikipiki na alikuwa na nyumba ya mbao huko Majengo, vyumba viwili na sebule. Aliishi na shangazi yake Ramla, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea katika mji wa Kiwanja, kule Rutshuru, tangu mama yake alipokufa. Mwezi wa Novemba uliotangulia, vita vilimfukuza Shangazi Ramla kutoka Kiwanja. Alitembea hadi Goma, na njiani akajikata mguu. Kidonda kiligoma kupona. Kilitoa maji ya kijani, na harufu yake ilikutana na mtu mlangoni.

Siku ya kwanza Mwasiti alipofika Majengo, alimkuta Nasoro uani akifua vitambaa vya kidonda kile kwa mikono yake, akiimba. Mwasiti alichukua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapiga magoti, akamwosha mama yule mguu. Akarudi kila Alhamisi. Moyoni aliwaza: mwanamume anayefua vitambaa vya shangazi yake, nitafute nini tena?

Ramadhani ilipokaribia kwisha, Djibril alipiga simu kutoka Kinshasa. Alisoma na Nasoro Kisangani, na sasa alikuwa mtu mkubwa. Angekuja kula Idi Goma, yeye na wenzake wawili. Nasoro alifurahi mpaka akakosa usingizi. Aliazima magodoro, akapaka sebule rangi, akamwomba Mwasiti aje kupika siku ya sikukuu.

Mwasiti alifika asubuhi na sufuria ya pilau. Aliwakuta wageni wamejilaza makochini, viatu juu ya mkeka wa kuswalia. Djibril alikuwa mnene, shati lake la hariri limefunguliwa vifungo vitatu. Alikula huku akiongea, akatema mifupa sakafuni, akajifutia mafuta kwenye pazia.

"Mama Pilau!" aliita. "Ongeza nyama! Huku Goma mnakula kama wagonjwa."

Nasoro alicheka. Mwasiti alimtazama akicheka, akaweka sufuria chini. Akaenda chumba cha Shangazi Ramla. Dirisha lilikuwa wazi kabisa, na masanduku ya wageni yalikuwa juu ya kitanda.

"Shangazi iko wapi?"

"Ameenda Kibati kwa rafiki yake," Nasoro alijibu, akihesabu sahani. "Atarudia bageni wakishaenda."

"Na mguu?"

"Moto ilimubeba, sheri. Usijali."

Mwasiti aliamini, kwa kuwa alimpenda.

Siku ya pili ya Idi, Djibril alipiga makofi. "Ziwa tumeona, samaki wake, sambaza, tumekula. Sasa tupeleke kwa wakimbizi. Siwezi kurudi Kinshasa bila picha."

Uso wa Nasoro ulibadilika. "Kule hakuna cha kuona. Njia ni mbaya."

"Njia gani mbaya? Kambi ya Kanyaruchinya si ni hapo tu? Twende!"

Walinunua katoni mbili za biskuti. Mwasiti alipanda gari pia. Kibati ni mbele kidogo ya kambi, na alikuwa ametia chumvi na vitambaa safi mkobani ili wakamwone shangazi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Vyoo vya kambi vilikuwa vimefurika, na maji yake yalipita katikati ya vibanda vya plastiki, juu ya mawe meusi. Djibril alijiziba pua kwa leso, akashika biskuti kwa ncha za vidole viwili kana kwamba zilikuwa zimeshaoza. Wanawake walipanga mstari. Mwenzake mmoja akapiga picha, akiwaelekeza.

"Mama, sogea mbele. Inua biskuti. Cheka kidogo! Hapana, inua na nguo, tuone ule mguu. Ndiyo, vile!"

Mwasiti aligeuka. Aliutambua mguu kabla ya uso.

Shangazi Ramla alikuwa amesimama matopeni, paketi ya biskuti kifuani. Alimwona Mwasiti. Halafu alimwona Nasoro, aliyekuwa ameinama nyuma ya gari akijidai anakagua tairi. Macho ya mama yule yalitulia juu ya mgongo wa kijana aliyemlea, yakakaa hapo, kisha yakaondoka.

"Asante sana, bageni," alisema. "Mungu abalinde. Na weye pia, papa ya pale nyuma, asante."

Nasoro hakuinua kichwa.

 Mwasiti aliinama kando ya gari akatapika.

"Harufu imemshinda, maskini!" Djibril alicheka.

"Si harufu," Mwasiti alisema, akijifuta mdomo. Hakuwaaga. Alimshika Shangazi Ramla mkono, wakaingia kwenye kibanda, na gari likaondoka.

Alipokuwa akimwosha mguu, aliuliza, "Alikufukuza?"

"Hapana, mwanangu. Nilitoka mwenyewe. Bageni walipofika, usiku wa kuamkia Idi, nilikuwa nyuma ya pazia. Yule munene aliuliza, 'Humu kumeoza nini?' Nasoro akajibu, 'Ni panya, alikufia darini.'" Mama alikunja pindo la nguo. "Asubui nikafunga nguo zangu. Aliniona. Akasema, 'Siku ine tu, shangazi.' Yeye mwenyewe akaita moto inilete huku kambini."

Mwasiti alimaliza kufunga kidonda. Siku ile ile alimpeleka Shangazi nyumbani alikoishi na baba yake, Birere.

Simu zikaanza.

"Sheri, nisikie..."

"Usiniite vile. Sauti yako inanitia kichefuchefu."

"Alitaka kuenda mwenyewe!"

"Panya hajui kutaka, Nasoro."

Akakata. Kwa wiki nzima hakupokea tena. Alishindwa kula nyama. Alijichukia hata yeye mwenyewe, maana alikuwa amewapikia wale watu, na Djibril alipomsifu pilau alitabasamu.

Jumatatu iliyofuata, Nasoro alisimama mbele ya meza ya vitenge. Alikuwa amekonda, shati limekunjamana.

"Nimekuja kuomba musamaha."

"Juu ya nini?"

"Niliona haya. Kisangani walinicheka, mutoto wa Kiwanja. Nilitaka wanione nimefika."

"Na walikuona. Kamata simu, uangalie yule rafiki yako ameweka nini."

Ilikuwa picha ya Shangazi Ramla na mguu wake, na Djibril akitabasamu pembeni. Watu mia nne walikuwa wamempongeza kwa huruma yake.

"Muite," Mwasiti alisema. "Hapa, mbele yangu, na sauti iwe wazi."

Nasoro alibonyeza namba. Djibril alipokea kwa furaha. "Ndugu yangu! Umeona picha ilivyopendwa?"

"Djibril, yule mama ni shangazi yangu. Yeye alinilea. Mulilala kwenye kitanda chake. Ile siku muliuliza kumeoza nini, hakukuwa panya. Ulikuwa ni mguu wake."

 Wauzaji wa meza za jirani waliacha kuita wateja.

"Unatania," Djibril alisema.

"Sitanii. Toa ile picha."

"Nasoro..." Sauti ya Djibril ilishuka. "Tungelala hoteli! Ungesema neno moja tu, tungelala hoteli. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Simu ikakatika. Nasoro alikaa chini kati ya vitenge akalia, akiwa mwanamume mzima, mchana kweupe. Mwasiti hakumgusa. Alikunja vitambaa mpaka kilio kilipoisha.

"Shangazi iko nyumbani kwetu," alisema. "Enda."

Shangazi Ramla hakumpa hotuba. Alimnyooshea mguu tu. "Kitambaa kimelowa. Fungua." Nasoro alifungua, akaosha, akafunga kingine. Mwasiti alimtazama toka mlangoni, akingoja kile kichefuchefu kiishe. Kilipungua. Hakikuisha.

Mama alirudi Majengo, na kidonda kikaanza kukauka. Miezi miwili Nasoro alikuja Birere kila jioni, akasaidia kubeba marobota, hakuomba kitu. Siku moja kabla ya Idi kubwa, akiwa ameshika ncha ya kitenge ambacho Mwasiti alikuwa akikipima, alisema:

"Nataka kukuoa."

Mwasiti alipima yadi ya mwisho. "Nakupenda, Nasoro. Lakini nikikumbuka mugongo wako kule kambini, mate inanijaa mudomoni."

"Itaisha?"

"Sijui. Pengine tutazeeka nayo."

"Basi niende?"

"Nani amesema uende?" Alikata kitambaa, akakikunja. "Leta batu kwa baba siku ya Yenga, Jumapili. Lakini kuanzia leo usiniulize kama nimesahau."

"Sitauliza."

"Bon. Achilia kitenge, uko nachafua. Huyu mama anangoja."

Akamgeukia mteja, akatabasamu, akataja bei.