Mmiliki Mpya wa Daftari

Wiki ya sita baada ya kumzika Profesa, barua zake zilikuwa bado zinajibiwa.

Aliyeleta habari hiyo ni Miwani, rafiki wa marehemu tangu shuleni. Alisimama mlangoni kwa dada wa marehemu, fundi cherehani, mchana kweupe, simu mkononi, na hata salamu hakuimaliza.

"Dada, samahani. Nani anatumia kompyuta ya kaka yako?"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Nani aitumie? Chumba nimekifunga mwenyewe, ufunguo huu hapa kiunoni. Ulisema nisiizime mpaka mtakapoihamisha tovuti, basi sikuizima. Zaidi ya hapo mimi na vidude hivyo hatujuani."

"Hebu tazama."

Kwenye simu kulikuwa na barua ya muuguzi wa zahanati ya mbali, akilalamika kwamba orodha ya wagonjwa wake haifunguki. Chini yake kulikuwa na jibu refu, la upole, likimweleza abonyeze wapi na wapi. Lilikuwa limeandikwa jana, saa tisa alasiri. Mwishoni: Pole kwa usumbufu, Profesa.

"Labda kuna mtu anafanya mzaha," Fundi alisema.

"Labda." Lakini macho ya Miwani yalikuwa kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na alipokaribishwa kiti alisema ana haraka.

Profesa hakuwa profesa wa chuo chochote. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani kwa tabia yake ya kutembea akiongea peke yake. Kwa miaka kumi na moja alitengeneza programu aliyoiita Daftari, ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, akaiweka wazi kwenye tovuti yake ili kila zahanati iichukue bure, na kila mwenye ujuzi aifungue aone ilivyoundwa, airekebishe akitaka. Waliichukua kwa mamia. Waliorekebisha hawakufika watano. Waliobaki waliandika kulalamika. Mkewe alivumilia miaka minne, akafungasha. Miwani, aliyeanza naye, alipata kazi ya ofisini mwaka wa pili akaaga kwa muda, na muda huo ukawa miaka tisa. Siku ya mazishi alisimama akasema "Daftari letu" mara tatu. Fundi alizihesabu.

Sasa Miwani alikuwa ameunda chama, na chama kilikuwa na seva mpya, kubwa, ya kuibeba tovuti. Kilichobaki ni umiliki. Taratibu zilitaka anwani ya tovuti ipite kwanza kwa mrithi, kisha mrithi aikabidhi kwa mmiliki mpya. "Ni kubonyeza tu, dada," alisema akiondoka. "Nitakutumia maelekezo, hatua kwa hatua."

Alasiri ile Fundi aliachia pedali ya cherehani ili kubadilisha uzi, na katika ule ukimya akasikia kibodi ikibonyezwa chumba cha nyuma. Haraka, bila kusita, kama Profesa alivyokuwa akibonyeza. Alipoufungua mlango, sauti ilikatika. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya nywele mbichi zilizopigwa pasi, na alipoweka kiganja kwenye kiti cha kaka yake, kiti kilikuwa na joto.

Alijiambia ni jua. Dirisha la chumba kile linatazama ukuta.

Maelekezo ya Miwani yalikuja kesho yake. Fundi aliketi mbele ya kioo cha kompyuta, akaandika neno la siri alilolikuta kwenye karatasi ya marehemu, na kabla hajafika kwenye barua ya umiliki akakutana na zile nyingine. Barua za kaka yake kwenda kwa Miwani, miaka na miaka. Ndugu yangu, nisaidie wiki moja tu. Ndugu, macho yananisumbua, angalia hitilafu hii moja. Ndugu, kama uko kimya kwa sababu nilikukosea, niambie. Nyingi hazikuwa na jibu. Chache zilijibiwa kwa mstari mmoja: Nimebanwa, tuwasiliane.

Aliyapangusa macho kwa upindo wa gauni la mteja, akaendelea. Kulikuwa na kumbukumbu ya kazi, mahali ambapo kila aliyegusa Daftari aliandika alichofanya na jina lake. Miaka minane nyuma Profesa alikuwa ameandika: Nimechoka. Kama hakuna mtu wa kunisaidia, basi na aje yeyote.

Mstari uliofuata, mahali pa jina palikuwa patupu. Neno lilikuwa moja: Nimekuja.

Tangu hapo, kurasa kwa kurasa, nusu ya kazi ilikuwa ya huyo asiye na jina.

Fundi angeinuka wakati ule. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuinuka. Lakini alikuwa amejaa uchungu, akataka kumalizana na mambo yale mara moja. Alifungua barua ya umiliki, akabonyeza palipoandikwa Nakubali. Jina la kaka yake likafutika, likaingia lake.

Kioo kikatulia. Kisha herufi zikaanza kutokea zenyewe, moja moja.

Karibu, dada. Kaka yako alichoka. Wewe bado una nguvu.

Alitoka mbio, akaangusha stuli na sanduku la vifungo, akafunga mlango.

Kufunga hakukusaidia kitu. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Fundi aliketi kwenye cherehani kumalizia mkono wa koti la mteja, na alipoinua sindano hakuwa tena kwenye cherehani bali kwenye kiti cha kaka yake, mlango umefungwa kwa ndani, jua limeshageuka, vidole vinamuuma hadi kwenye mifupa, na mbele yake kwenye kioo barua arobaini zimejibiwa kwa ufasaha ambao hakuwahi kuwa nao, kuhusu mambo ambayo hakuwahi kuyasikia, zote zikiwa zimesainiwa Profesa, na chini yake shukrani zinamiminika kutoka kwa wauguzi na madaktari na makarani, asante sana, ubarikiwe, hatujui tungefanya nini bila wewe, shukrani ambazo kaka yake alizisubiri miaka kumi na moja akafa hajazipata, na nyuma ya sikio lake la kushoto kitu kikapumua, taratibu, kama mtu aliyeridhika na kazi ya siku.

Aling'oa waya ukutani. Kompyuta ikafa. Alimpigia simu Miwani.

"Nimeizima. Sitaki tena."

"Haina neno," Miwani alisema kwa uchangamfu. "Mafaili tumeshayahamisha juzi. Tovuti iko kwenye seva yetu, inakwenda kama kawaida. Umeiona sura yake mpya?"

Huku nyuma yake, kwenye mashine isiyo na umeme, kibodi ilikuwa inabonyezwa.

Jirani ndiye aliyemleta mkunga mmoja mstaafu. Watu walisema mikono yake imepokea watoto wengi, na vitu vingine ambavyo si watoto. Alikuja na mkoba mdogo ambao hakuufungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekwisha hivyo?"

Alisikiliza yote. Kisha akamketisha Fundi kwenye kiti cha kaka yake, akamshika vidole vyote kumi, akavibana kama anavikagua, na akaongea na mtu aliye nyuma ya bega lake.

"Uliingiaje nyumba hii?"

Fundi alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu. Mdomo haukuwa wake. "Niliitwa."

"Na nani?"

"Na aliyekosa mtu."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimsaidia. Akilala, naandika. Akila, naandika. Mwishowe hakutaka kulala, wala kula."

"Na huyu amekukosea nini?"

"Ana jina pale juu. Mimi nakaa na mwenye jina."

Mkunga alimwachia vidole. Alikuwa ametoka jasho, na alipozungumza alinong'ona kana kwamba kuna mgonjwa amelala jirani.

"Huyu hakuvunja mlango, kwa hiyo siwezi kumfukuza kama mwizi. Aliitwa kwa mdomo, na atatoka kwa mdomo. Akitokea mtu anayeitaka hiyo kazi, akaipokea kwa ulimi wake mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, atakwenda naye. Lakini umwambie, mwanangu. Usimkabidhi mtu kitu kama hiki akiwa kipofu."

"Nitamwambia," Fundi alisema, na wakati ule alikusudia hivyo kweli.

Miwani alikuja siku mbili baadaye, shati limenyooshwa, kompyuta yake ndogo mkobani. Aliifungua juu ya meza ya kukatia vitambaa na kumwonyesha tovuti mpya, rangi zake, picha za zahanati zenye watu wanaocheka. Fundi alitazama palipoandikwa Mwanzilishi. Palikuwa na picha ya Miwani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Tunawashukuru pia wote waliochangia.

"Kaka yangu yuko wapi hapa?"

"Wote waliochangia, dada. Wadhamini hawapendi ukurasa wenye mambo ya misiba, unaelewa. Tutakuja kumwekea hata ukurasa wake."

"Na mmiliki mpya ni chama?"

"Kwa sasa jina langu. Taratibu tu, baadaye tutabadilisha."

Fundi alikunja kipande cha kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Alikuandikia mara ngapi?"

Miwani alivua miwani yake akaifuta. "Nilikuwa na kazi, dada. Na kuelekea mwisho alikuwa ananiandikia upuuzi. Eti kuna mtu anamsaidia, eti nije nimwone. Ningemjibu nini?"

Basi alikuwa anajua. Ndiyo maana siku ile ya kwanza alisimama mlangoni akakataa kiti, na ndiyo maana jina la fundi cherehani lilipita kwanza. Au hakuwa anajua, alikuwa tu mtu wa kutotaka kujua. Fundi alijaribu kuamua ni lipi kati ya hayo mawili, akaona halimzuii kumkabidhi.

"Ni kweli alikuwepo mtu," alisema. "Si mtu. Yumo mpaka leo, na anakwenda na mwenye jina. Ukiichukua hii tovuti unamchukua na yeye."

Alimwambia kweli yote, hakuacha neno. Ila aliisema kwa sauti ambayo alijua Miwani hataiamini: sauti ya mwanamke wa cherehani asiyejua kompyuta, aliyefiwa, anayehitaji kuonewa huruma. Kumbukumbu ya kazi, yenye ule mstari usio na jina, angeweza kumfungulia pale pale. Hakuifungua.

Miwani alicheka kwa upole. "Haya, nipe na huyo naye. Mimi nakosa wafanyakazi."

"Unaipokea?"

"Naipokea, dada."

"Na kilichomo?"

"Na kilichomo, chote, kwa mikono miwili. Tubonyeze sasa, nina mkutano."

Fundi alibonyeza. Kitu kilimtoka vidoleni kama maji yanavyotoka kwenye nguo ikikamuliwa, na ile harufu ya nywele ikapita mbele ya uso wake kuelekea mlangoni. Miwani alikunja pua. "Umesahau pasi kwenye moto?" akauliza, akamshika mkono, akaaga.

Nyumba ikawa nyumba. Fundi alisikia tena redio ya jirani, na mtu akiita mbuzi wake mtaani, na tumbo lake mwenyewe likinguruma kwa njaa ya siku nne. Alisogea dirishani.

Miwani alikuwa amefika kwenye gari. Hakwenda upande wa dereva. Alizunguka upande wa abiria, akafungua mlango, akausimamia, kama mtu anavyomsubiri mgeni wa heshima ajipange vizuri kitini. Alisubiri kidogo. Akaufunga taratibu, asibane nguo ya mtu. Kisha akazunguka kuelekea kwenye usukani, na gari lilipoondoka midomo yake ilikuwa inacheza, akijibu swali fulani.

Simu ya Fundi ilikuwa mkononi, na namba ya Miwani ilikuwa ndani yake. Aliliangalia gari mpaka likakata kona. Hakumpigia.