Jina Lililokosa Mtoto

Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa tena. Mwalimu Hebb akakipangusa kwa mkono wa sweta, akaunusa. Chumvi. Bahari imeganda hadi upeo wa macho, jua halijachomoza tangu Novemba, darasa linapashwa moto na jiko la mafuta, halafu kiti kinatoa maji ya bahari. Alikuwa amechoka hata kushangaa.

Uchovu wa namna hiyo sisi wanakijiji wa huku kaskazini ya barafu tumeuzoea. Walimu wa Kusini hushuka kwenye ndege ya Agosti na mashavu yao manono. Giza likiingia wanabaki macho tu. Huyu alishikiliwa na kitu kimoja: mkewe Lorna, mjamzito, aliyebaki Kusini, na ndege ya Machi ya kumrudisha yeye kwao kabla mke hajajifungua.

Aliita majina. Watoto wetu wakikubali huinua nyusi, basi. Mdomo wa nini? Yeye alitaka sauti.

"Nimechoka kufundisha nyusi!" akafoka. "Ukiitwa, itika!" Akalirudia jina la mwenye kiti cha nyuma, ambalo kila siku halikujibiwa. "Qaunaq!"

Binti mmoja, Siasi, akanong'ona, "Mwalimu, huyo usimwite."

"Kwani mtoro?"

"Alizama. Barafu ya Oktoba. Jina lake halijapata mtoto."

Kwetu jina la marehemu hulala, halitajwi, mpaka azaliwe mtoto wa kulibeba. Hilo hata mbwa wangu anajua. Hebb hakuambiwa na mtu, na mwaka ule kijijini hapakuwa na tumbo hata moja.

"Nipo," ikaitika sauti chini ya sakafu.

Shule yetu imesimama juu ya nguzo, chini yake upepo tu. Tangu asubuhi ile kitu hicho kiliitikia kila jina, kikigonga mbao taratibu kama mtu agongaye barafu kutokea upande wa maji, na harufu ya mwani na ngozi mbichi ikapanda ikajaa darasa, watoto wakaacha kuja mmoja mmoja, hadi siku alipoitwa Siasi na sauti ikamtangulia kuitika, naye akabaki kinywa wazi, baridi kama chuma, nywele zikimchuruzika maji ya chumvi mgongoni, asipumue mpaka Hebb alipomzaba kofi.

Siku hiyohiyo Hebb akamkimbilia Ulaayuk, mama wa yule aliyezama, ambaye ndiye huwapa watoto wetu majina. Alimkuta anatafuna ngozi ya buti ailainishe.

"Mama, fanya lolote. Atamchukua Siasi."

"Umemwita mwenyewe, mwalimu. Ukimwita mtu humwachi mlangoni. Anataka mwili."

"Mwili gani?"

"Mkeo si ana tumbo?"

Hebb akarudi nyuma hadi ukutani. "Mwanangu? Hapana. Nipe mimi."

"Wewe umeshajaa. Ndani mna mtu tayari."

"Nipe hivyohivyo, mama. Jina ni jina tu."

Ulaayuk akatema uzi wa ngozi. "Watu wa Kusini! Majina yetu mnayapenda kama watoto na peremende. Haya, fumbua kinywa."

Akamdondoshea maji kwa kidole, akamwita mara tatu kwa jina la mwanawe. Mama huyu hakulia. Alikuwa ameshalia Oktoba.

Kesho yake kiti kilikuwa kikavu. Siasi akapona, watoto wakarudi. Mwalimu ndiye hakurudi. Qaunaq hakuipenda shule akiwa hai, atafundisha nini akiwa amekufa? Hebb alihamia kwa Ulaayuk, akalala kwenye ngozi, akala ini bichi la sili wa baharini akilamba vidole. Ndege ya Machi ilipotua alikuwa mbali barafuni na mbwa. Rubani alimngoja weee, akachoka, akaruka. Tukaandikia Kusini tuletewe mwalimu mwingine. Ndiyo kazi yetu hiyo.

Mei akaja Lorna mwenyewe, na mkoba begani na kichanga kifuani. Alipomwona mumewe kando ya uwanja aliita kwa sauti iliyokatika, akamkimbilia.

Yeye akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mpita njia. Kisha akamgeukia Ulaayuk, akauliza kwa lugha yetu, ambayo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha:

"Mama, huyu ni binti wa nani?"

"Mgeni tu, mwanangu," akasema Ulaayuk. "Mpokee mzigo."